Mikono ya Nagi

1.

WAHUSIKA, kama walivyotambulishwa kwenye ukurasa wa kwanza wa katuni ya Kijapani iitwayo *Kikosi cha Kandili*:

RAIKO. Dereva wa tramu. Umeme humtii.
GORO. Mpishi wa tambi. Ana nguvu za kunyanyua nyumba, ila huomba radhi kwanza.
MITSU na MATSU. Mapacha. Mmoja huona jambo kabla halijatokea, mwingine haamini mpaka litokee. Hawapatani.
NAGI. Akikanyaga mahali, sauti zote hufa. Haongei.

(Neno la mwisho, "Haongei", halimo kwenye Kijapani. Limeongezwa na mfasiri.)

2.

Mfasiri mwenyewe alikuwa Tunu Mhina wa Chumbageni, Tanga. Kijapani alikijua vizuri. Alikuwa amesoma Matsuyama, huko Japani, miaka kadhaa na kurudi na sanduku lililojaa katuni, mpaka mama yake akauliza kama nguo alizigawa.

Sasa alipewa kazi aliyoiota tangu huko: kuwaleta mashujaa watano wa Kandili kwa Kiswahili. Goro alimnyookea tangu siku ya kwanza. Mapacha walimchekesha peke yake mezani.

Nagi alimshinda.

Unavijua viputo, msomaji? Yale mapovu meupe yanayobeba maneno ya wahusika? Kila Nagi alipotokea, mchoraji alimchorea kiputo chake, kizima, na mkia wake ukielekea mdomoni.

Na ndani ya kiputo

3.

TAARIFA KWA MFASIRI
YAH: VIPUTO VITUPU

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Idara ya Uhariri imebaini kuwa mhusika Nagi hana maandishi katika viputo vyake, kitabu kizima. Wasomaji watadhani ni kosa la kiwandani. Unaelekezwa kuvijaza kabla kazi haijakwenda kuchapwa. Endapo hutakuwa na la kuvijazia, Idara itavijaza kwa kutumia maneno yafuatayo, ambayo yamekwisha kupitishwa:

"Twendeni."
"Haki itashinda."
"Nipo."

Nakutakia kazi njema.
F. Ndunguru, Mhariri Mkuu

4.

"Bwana Ndunguru, shikamoo. Nimeipata taarifa."

"Marahaba, Bi Tunu. Umeiona 'Nipo'? Hiyo nimeitunga mimi."

"Ni nzuri. Lakini mwenye katuni ameviacha wazi kwa makusudi."

"Makusudi gani?"

"Hilo ndilo sijui."

"Basi mimi siwezi kuuza kitabu ambacho hata mfasiri wake hakijui. Kijue, uniambie. Au tunajaza."

5.

Tunu akaingia mtandaoni, kwenye mabaraza ya mashabiki wa Japani. Aliyoyakuta:

— Nagi alikula kiapo.
— Nagi akitamka neno, mji utaanguka. Soma juzuu ya nne.
— Mchoraji alikuwa mvivu.
— Viputo ni vyetu, kila mtu aandike lake. Mimi nimeandika jina la mke wangu.
— Jamani, jina lake lenyewe ni ule utulivu wa bahari upepo unapokata. Mnataka aongee nini?

Hakuna aliyekuwa na hakika. Na mwenye katuni, Bi Hisae Morikubo, hakuwahi kueleza.

6.

Dada yake Tunu, Mwalimu Mwantumu, alifundisha hesabu katika shule ya viziwi. Yeye mwenyewe ni kiziwi tangu utotoni. Walikuwa wakikaa nyumba moja.

(Msomaji, kuanzia hapa, mstari ukianza na nyota ujue ni mikono inayosema.)

Mwantumu alirudi kazini Ijumaa moja, akakuta kurasa zimetandazwa mezani na sakafuni. Akainama kuokota moja ili apite. Hakupita. Akaokota ya pili, akaziweka sambamba. Kisha akagonga meza kwa kiganja, kama afanyavyo akitaka mdogo wake amtazame.

* Huyu nani?

* Nagi. Yule bubu niliyekwambia.

* Bubu? Anaongea kuliko wote.

Tunu akacheka. Dada yake hakucheka.

* Anasema nini?

* Sijui. Si lugha yangu, ni alama za kwao. Lakini mtazame nyusi. Tazama bega lilivyokwenda mbele, na huyu dereva wa tramu alivyokodoa macho kwenye vidole vya mwenzake. Mtu aliyenyamaza mikono yake haikai hivi.

Tunu akazitazama kurasa upya. Ukurasa baada ya ukurasa, mikono ya Nagi ilikuwa juu: mbele ya kifua, karibu na shavu, kando ya sikio. Kwa miaka yote ile aliidhani ni mikono ya kurushia nguvu zake, kama mashujaa wote wanavyorusha.

* Nimeisoma katuni hii nikaimaliza mara sijui ngapi.

* Umesoma vichwa tu, si mikono, akasema Mwantumu.

7.

MWANTUMU:

Mdogo wangu alinionyesha ile taarifa. Nikasoma "Nipo". Nikasoma "Haki itashinda".

Nikamuuliza, nawe utaandika hivyo? Akasema huenda akaandika kilicho bora zaidi. Nikamwambia, sikuulizi ubora. Ninakuuliza, mtu anaongea mbele yako, wewe hujui anachosema, halafu unamwandikia maneno?

Nyinyi mnaosikia mna haraka. Nikiwa hospitali daktari anauliza, mimi naeleza tangu lini, upande gani, nikilala inakuwaje. Tunu anamgeukia anasema kitu kifupi. Naona mdomo wake unafungwa wakati mimi ndiyo kwanza ninaanza.

Sikumwambia hilo siku ile. Nilimwambia tu

amtafute huyo mama aliyechora.

8.

KUTOKA: wakala wa Bi Morikubo, Matsuyama
KWA: Bi Tunu Mhina

Bi Morikubo hapokei maswali kuhusu Nagi.

KUTOKA: Tunu Mhina

Sina swali. Dada yangu ni kiziwi. Anasema Nagi anaongea, na anataka kujua ni lafudhi ya wapi.

KUTOKA: wakala

Bi Morikubo anauliza kama Jumapili mtakuwa na nafasi.

9.

Kwenye simu ya video alitokea mama wa makamo ya kuitwa bibi, nywele fupi nyeupe, wino kwenye kidole. Tunu akainamisha kichwa, akasalimu kwa Kijapani. Yule mama akajibu salamu, akauliza dada yuko wapi.

Mwantumu akasogea. Alikuwa amevaa gauni la sherehe. Akaeleza kwa mikono jinsi alivyoziona kurasa, na alivyojua, na kwamba wanafunzi wake wana vitabu vingi ila hawajawahi kukutana na shujaa anayeongea kama wao, na kwamba anaogopa ofisi fulani itamziba Nagi mdomo kwa kumpa maneno.

"Dada anasema amefurahi sana," Tunu akatafsiri.

Bi Hisae akamtazama Tunu. Akamtazama Mwantumu.

"Ameongea kwa kirefu," akasema taratibu. "Kijapani ninachokijua mimi hakijawahi kuwa kifupi hivyo."

Kisha akaisogeza kompyuta nyuma ili aonekane mpaka kiunoni. Akapandisha mikono ya sweta.

Akaanza.

10.

Alama zao hazifanani, msomaji. Kiziwi wa Matsuyama na kiziwi wa Tanga hawana lugha moja. Mwanzoni hawakuelewana. Bi Hisae alifanya jambo kwa vidole, Mwantumu akatikisa kichwa. Akalirudia kwa kulichora hewani. Mwantumu akalirudia kwa namna yake, akiligeuza kuwa swali kwa nyusi. Bi Hisae akaitikia. Wakawa na neno moja.

Kisha mawili.

Kisha Mwantumu akaigiza mtu anayechapwa vidole darasani kwa kuongea navyo, na yule mama akaacha kutabasamu, akaonyesha kimo cha mtoto, akagusa kifua chake, akaonyesha tena kimo kile. Ndugu yake. Hilo hata Tunu alilielewa. Baada ya hapo hakuelewa tena. Alikaa pembeni ya kochi na lugha zake zote, kama mgeni aliyefika mazungumzo yamenoga, akitamani kuuliza na akiona aibu kuwakatiza.

Chai ilipoa. Wale wawili walicheka. Baadaye mmoja alifuta macho, na kwa jinsi taswira ilivyokuwa ikikwama hakujua kama mwenzake naye

11.

* Mmeongea nini?

* Mengi.

* Niambie basi, Dada.

Mwantumu akalikunjua vizuri gauni lake, akaketi.

* Amefurahi sana.

Tunu alikaa na jibu lile. Halafu akasema kwa mikono, polepole, kwamba amesikia. Dada yake akamwangalia kidogo, kisha akasogea karibu, akamweleza yote, tangu mwanzo, na Tunu hakumkatiza.

12.

HISAE (kama alivyosimuliwa na Mwantumu, kama Tunu alivyoandika):

Ndugu yangu alikuwa kiziwi, na mikono yake ilikuwa ya haraka. Nyumbani alituchosha kwa hadithi. Shuleni alitakiwa akalie mikono yake, asiongee nayo. Nilipopata nafasi kwenye gazeti la katuni nilimchora yeye. Mhariri akasema jaza viputo. Nikamwambia kiputo kinaonyesha kwamba mtu anaongea, na mikono inaonyesha anachosema. Vyote nimeshachora.

Wanaojua hawaniulizi kitu. Wasiojua huuliza kwa nini amenyamaza.

Mikono ile ni ya kwetu. Watoto wako hawataisoma. Nipigie picha mikono yako, nitaichora upya.

13.

"Achore upya?" akauliza Ndunguru. "Kitabu kizima?"

"Mikono tu. Ameshaanza."

"Na viputo?"

"Vinabaki wazi."

Kwenye simu ikasikika kalamu ikigongwa mezani.

"Sasa Bi Tunu, sisi ambao hatujui alama, tutasomaje?"

"Mtauliza."

"Tumuulize nani?"

"Kiziwi yeyote aliye karibu. Nadhani wapo karibu na wewe, Bwana Ndunguru."

Ndunguru akasema, kwa sauti ambayo Tunu hakuwahi kuisikia kwake, kwamba mtoto wa shemeji yake yuko darasa la tano, na kwamba wakikutana huwa anampungia mkono tu.

14.

MASAHIHISHO, UKURASA WA KWANZA
Ondoa: Haongei.
Weka: Anaongea. Tazama mikono.

15.

Walipiga picha uani, mwanga wa asubuhi ukiwa mzuri. Mwantumu alisimama mbele ya shuka jeupe akiwa Nagi. Tunu alishika kamera. Nagi anamkejeli Goro. Nagi anamwonya Matsu. Nagi anaomba chumvi. Kumbe shujaa yule alikuwa na utani mwingi hivyo, na muda wote mashabiki walikuwa wakimwona mtawa.

Kilichowachelewesha ni kisanduku cha mwisho. Handaki la tramu limejaa maji. Kikosi kimekwama nyuma. Nagi ametangulia, amegeuka, mkono mmoja juu. Kwa alama za kwao, Bi Hisae alieleza, mkono ule ukienda mbele unakuwa *nisubirini*, ukirudi kifuani unakuwa *nifuateni*. Kwenye karatasi hauendi popote.

* Alikusudia lipi? Tunu akauliza.

* Nilimuuliza. Akasema hilo hata ndugu yake hakuambiwa.

Mwantumu alijaribu mikono mingi siku ile, akitafuta mmoja wa kwetu unaoweza kwenda njia zote mbili. Alipoupata aliushikilia hewani, asitikisike, mpaka Tunu akabonyeza.

16.

Vitabu vilifika shuleni kwa Mwantumu siku ya mvua, kwa hiyo vilisomewa varandani. Tunu alikuja na mwavuli, akasimama mlangoni.

Hapakuwa na kelele, ila palikuwa na fujo. Mikono kila mahali. Wengine walikuwa Goro, wanaomba radhi kabla ya kunyanyua dawati. Kwenye benchi la mwisho kundi zima lilibishana juu ya ukurasa mmoja. Subirini. Fuateni. Subirini, maji yale huyaoni? Fuateni, angalia mguu wake umeelekea wapi. Mwalimu wao aliitwa aamue, akakataa, akaenda zake.

Hakuna aliyemgeukia Tunu. Hapakuwa na kitu cha kutafsiri.

Akakunja mwavuli, akalisogelea benchi. Msichana mmoja mwenye sare iliyolowa mabegani, Sharifa, ndiye aliyekuwa akibishana kuliko wote. Tunu akainua mkono kidogo, kama mwanafunzi.

* Samahani. Wewe unadhani anasema nini?

Sharifa akampima kuanzia viatu mpaka usoni, kama anayekadiria mgeni ataelewa kiasi gani. Akasogea, akamwachia nafasi. Akaweka kitabu magotini pa Tunu ili mikono yake yote miwili ibaki huru.

* Kaa, akasema. Ni ndefu.