Hatua ya Nne na Nusu

Karatasi ilikuwa na mistari minne tu, na shemeji yake alishaiwekea kalamu juu. Programu ya vipimo vya dawa ilifanya kazi ipasavyo, ilisema. Mtumiaji aliingiza kikomo kisicho namba nzima, kinyume cha mwongozo. Chini palisubiri sahihi ya mhandisi wa sehemu ya kujumlisha, yaani yeye. Ofisini walimwita Sigma, kwa ile alama ya hisabati ya kujumlisha, na baada ya miaka tisa hata mlinzi wa getini hakumjua kwa jina jingine.

"Tia sahihi tuondoke," shemeji alisema. "Kikao cha uchunguzi kinaanza saa nane."

"Ngoja nisome."

"Mistari minne, shemeji. Unasoma nini humo?"

Huyu ndiye aliyemwoa dada yake, ndiye mwenye kampuni, na ndiye aliyempa Sigma kazi wakati hakuna aliyemtaka msichana mwenye shahada ya hisabati na mdomo mzito. Kampuni ikifa, dada na wanawe watatu hawana pa kushika. Sigma aliyajua hayo bila kukumbushwa, na bado walimkumbusha. Asubuhi ile dada alikuwa amepiga simu. "Mdogo wangu," alisema, "fanya anavyokuambia shemeji yako. Nakuomba."

Kisa chenyewe hakikuwa na fumbo. Mama mmoja aliyeingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe alipangiwa dawa inayoongezwa hatua kwa hatua: kila saa nane zikitimia apewe kipimo kimoja, kisha viwili, vinne, vinane. Katika saa thelathini na sita za tiba hutimia hatua nne, jumla vipimo kumi na tano, hata mtoto wa shule atakuambia. Lakini mfamasia wa wodi aligawa thelathini na sita kwa nane, akapata nne na nusu, akaiingiza kwenye programu kuwa kikomo, yaani idadi ya hatua. Programu ikamjibu ishirini na moja nukta sita. Pampu ya dawa haina akili ya kubisha. Iliimimina yote kama ilivyojazwa, na yule mama hakuamka.

Hiyo ishirini na moja ilitoka kwa Sigma. Programu haijumlishi hatua moja moja kama mtu anayehesabu nyanya. Ina fomula ya mkato, na fomula ukiipa nne na nusu haishtuki, inakokotoa tu. Zamani programu ilikuwa inakataa, inatoa maandishi mekundu kwamba kikomo lazima kiwe namba nzima. Wateja wakanung'unika. Shemeji akasema watu hawanunui programu ili wagombezwe. Na Sigma, aliyejua vizuri kabisa kwamba hakuna kitu kinachoitwa hatua ya nne na nusu, akaufuta ule mstari wa kukataa. Onyo akalipeleka kwenye mwongozo, ukurasa wa mia tatu na kitu, huko asikofika binadamu. Tusimtafutie visingizio. Alijua.

Kilichomzuia kushika kalamu ni sentensi moja katika barua ya hospitali. Mfamasia alidai kwamba aliwahi kuiuliza kampuni juu ya jambo hilo, ila hakuwa na nakala.

"Anajikosha," shemeji alisema. "Mtu maji yamemfika shingoni, unategemea aseme nini?"

Sigma alifungua ripoti za wateja, zile zilizokwisha fungwa, akatafuta jina la hospitali. Ilitokea moja tu, ya miezi minne kabla ya kifo.

"Nimeweka kikomo 2.5 kwa dawa inayoongezeka maradufu. Imenipa 4.7. Mimi nilitegemea 3. Niamini ipi?"

Chini yake jibu: "Fomula ni sahihi kwa kikomo chochote. Si hitilafu. Imefungwa." Lilikuwa limetumwa saa saba kasoro dakika tano, na lilikuwa lake.

Chini zaidi palikuwa na mstari ambao hakuwahi kuuona, maana ripoti ikishafungwa haimpigii mtu kengele. "Asante, mtaalamu. Mimi si mtu wa hisabati. Basi nitaiamini."

Shemeji alikuwa amesimama nyuma ya kiti, naye amesoma.

"Nani mwingine ameiona?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi na wewe."

"Basi mfikirie dada yako."

Alimfikiria njia nzima, karatasi ikiwa bado haina sahihi. Alimfikiria hadi ndani ya chumba cha kikao, penye meza ndefu na feni iliyokuwa ikikwaruza. Mfamasia alikaa upande wa pili, shati limempwaya, macho ameyatuliza mezani. Mwenyekiti aliuliza kama watengenezaji waliwahi kuulizwa lolote kuhusu kikomo kisicho namba nzima.

"Hapana," shemeji alijibu.

Sigma alisimama.

"Tuliulizwa. Niliulizwa mimi."

Akatoa nakala ya ripoti mkobani akasoma yote, swali, jibu na asante. Shemeji hakumtazama. Alikuwa ameshatoa simu na kuiweka sikioni, na Sigma alijua anampigia nani.

Mfamasia aliinua uso polepole. Hakuonyesha furaha wala hasira.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Unajua kwa nini niliamini? Ulijibu haraka. Nikasema huyu hakuhitaji hata kufikiri, basi anajua."

Sigma aliitazama ile saa iliyochapwa kwenye nakala, akaikumbuka siku yenyewe, wenzake mlangoni wakimwita.

"Nilikuwa nawahi chakula cha mchana," alisema.