Bakuli la Graciela

Niliposema ndiyo tulikuwa tumesimama kwenye mashine ya kahawa, ghorofa ya chini ya shule ya jioni, Norsborg, Uswidi, Oktoba 2007. Ximena alikuwa na karatasi yenye majina na kalamu nyuma ya sikio.

"Vénant, watu wenu mko kumi na wanne. Mtanipigia kura?"

"Ndiyo, binti yangu. Kwa nini tusikupigie?"

Akaandika kumi na nne, akanishika mkono, akaenda zake.

Kwetu Bujumbura mtu akikuomba jambo uso kwa uso, humkatalii palepale. Unamwitikia vizuri ili aondoke na moyo wake mzima. Jibu la kweli atalijua taratibu, akiona siku zinapita bila wewe kumtafuta. Hakuna anayefundishwa hilo, kila mtu analijua. Ximena hakulijua. Wazazi wake walikimbia Chile miaka ya sabini, yeye akazaliwa hapa hapa Norsborg, na mtu wa hapa ukimwambia ndiyo, anaandika.

Kura yenyewe ilihusu kiti kimoja. Manispaa ilikuwa ikifikiria kuhamishia mchana masomo ya watu wazima. Sisi wa jioni tulikuwa wasafishaji, madereva, watunza wazee. Mchana tuko kazini. Masomo yakihamia mchana, tumekwisha. Kwa hiyo kamati ya elimu ilikubali mwanafunzi mmoja ahudhurie vikao vyake na kusema kwa niaba yetu.

Nilikuwa na miaka sitini na mitatu, nimebakiza miwili ya kuosha mabasi. Bujumbura niliishia darasa la sita. Hapa nilipanda ngazi jioni baada ya jioni, kamusi mfukoni, maneno kumi kwa siku, na sikuchelewa hata mara moja. Ximena, msichana wa miaka ishirini na minne aliyerudi kumalizia sekondari, ndiye aliyekaa kando yangu. Insha zangu alizipitia kwa penseli, kwa upole, kana kwamba makosa yalikuwa ya kalamu. Alikuwa mwenyekiti wa wanafunzi na alijua kusema. Kama kiti kile kilikuwa na mwenyewe, ni yeye.

Jumapili baada ya ibada tulikutana kwa Spéciose, katibu wa chama chetu cha Waafrika Mashariki.

"Hawa Wachile," alisema akimimina chai, "wana walimu, wana wanasheria, hata kwenye baraza la manispaa wana mtu wao. Sisi tuna nani? Mcheza mpira mmoja, naye kaumia goti."

Watu wakacheka.

"Nimemwandikisha Yvan," akasema.

Yvan, mwanawe, dereva wa basi na mwanafunzi mwenzetu, aliinua kichwa. "Mama, mimi sijaomba kitu."

"Wewe kunywa chai yako."

Kisha wote wakanigeukia. Mimi ndiye mkubwa wao. Nikishasema, hakuna anayesema tena. Nami maneno ya Spéciose yalikuwa yameniingia. Miaka kumi na mbili nilikuwa nimeona meza za nchi hii na watu waliokaa kuzizunguka, na hata siku moja sikuona uso wa kwetu. Nikasema, "Yvan."

Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nimeshasema ndiyo kwingine. Sikuwaambia.

Alhamisi tukapiga kura za siri, vikaratasi ndani ya sanduku la viatu. Yvan thelathini na moja, Ximena ishirini na nne. Ximena alisoma namba ubaoni, akatoa karatasi yake, akahesabu akiwa amesimama. Zilipungua kumi na nne. Nilitazama viatu vyangu.

Nilidhani atanigeukia. Alimgeukia Graciela.

Graciela alikuwa mdogo wa mama yake, mwenye miaka hamsini na mmoja, msaidizi wa jikoni katika shule moja ya watoto. Alisoma nasi ili awe muuguzi msaidizi. Yeye ndiye aliyewakusanya Walatini wote wa shule, watu wa Amerika Kusini. Lakini kiangazi kile aliwahi kusema mbele za watu kwamba Ximena bado mdogo mno kwa uongozi.

"Ni wewe," Ximena akasema. Walisema Kiswidi, kwa hiyo sote tulisikia. "Umewageuza watu wetu."

"Mimi? Nimeshinda wiki nzima kwenye simu kwa ajili yako!"

"Waafrika Mashariki wote walikuwa wangu. Vénant mwenyewe aliniambia. Kama si wao, ni nani?"

Graciela akanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema, ndefu ya kutosha mtu kuvaa koti, kwa sababu alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akatoka. Jumatatu hakuja. Wala Alhamisi. Wala wiki iliyofuata.

Jumamosi, siku mbili baada ya kura, Ximena aligonga mlango wetu, mikononi bakuli la plastiki lililojaa empanada za mama yake, sambusa za kwao zenye nyama na yai ndani, bado za moto.

"Kwa ajili ya watu wenu," alisema. "Ninyi peke yenu hamkunigeuka."

Nikasema asante. Nikala mbili mbele yake, maana kukataa chakula ni tusi. Zilikuwa tamu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Alipoondoka, mjukuu wangu Belyse, wa miaka kumi na sita, alikaa mbele yangu. Mimi humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiswidi.

"Babu, kwani mlimpigia yeye?"

"Tulimpigia Yvan."

"Na ulimwambia mtampigia yeye."

"Nilimwitikia tu. Sikutaka kumvunjia heshima."

"Huo ni uongo, Babu."

"Wewe hujui mila."

"Naijua. Yeye ndiye asiyeijua." Akageuza kifuniko cha bakuli. "Na huyu Graciela ni nani?"

Kwenye kifuniko palikuwa na kipande cha plasta, na jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Mabakuli ya ndugu huzunguka nyumba hadi nyumba bila mtu kuangalia.

Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Bakuli likakaa juu ya friji siku tisa. Kila nikifungua friji kuchukua maziwa nilisoma lile jina, na kila nikilisoma nilihesabu vipindi ambavyo Graciela amevikosa. Siku ya kumi nikakanda unga mwenyewe, nikakaanga mandazi, nikalijaza bakuli, nikaenda kwa Graciela.

Alifungua mlango nusu. Sikusubiri anikaribishe, nilijua nikikaa nitaanza kuzungumzia hali ya hewa.

"Kura kumi na nne zilikuwa zetu," nikasema. "Nilimwambia Ximena ndiyo, kisha nikawaambia watu wangu Yvan. Wewe hukufanya lolote. Nilikuwepo, nikanyamaza."

Akatazama bakuli lake mikononi mwangu.

"Umemwambia yeye?"

"Bado."

"Kwa hiyo umeanza na mlango ulio rahisi."

Akachukua bakuli, akaingia jikoni. Aliporudi mandazi yalikuwa kwenye mfuko wa karatasi.

"Bakuli ni langu," alisema. "Haya siyo yangu. Nilitukanwa mbele ya darasa zima, Vénant. Kaseme kule."

Jumapili yote niliandika kwa Kiswidi, ukurasa mmoja. Safari hii hapakuwa na wa kuupitia kwa penseli. Jumatatu nikasimama mbele ya darasa, nikasoma. Ulimi uliteleza mara kadhaa. Spéciose, aliyesoma nasi, akaninong'oneza nilipopita, "Umetuaibisha, Mzee." Yvan akasimama, akasema kiti kile akipokee Ximena, yeye hakukiomba.

"Hapana," Ximena akasema. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Waliokupigia wamekupigia. Ila usiende mikono mitupu. Kesho tukae tuandike."

Mimi hakuniambia neno. Alikusanya vitabu vyake kando yangu, akahamia dirishani.

Graciela alirudi Alhamisi. Sijui Ximena alimwambia nini. Niliwaona wakiingia pamoja, kila mmoja anatazama mbele, wakakaa dawati moja.

Yvan alisoma mbele ya kamati yale waliyoyaandika yeye na Ximena, na tulibakishiwa jioni mbili kwa wiki. Spéciose akamsimulia kila mtu jinsi mwanawe alivyosema. Mimi nilifaulu mtihani wa majira ya kuchipua. Mwalimu aliandika kwamba lugha yangu ni sahihi, na makosa machache tu.

Hadi siku ya mwisho nilifika wa kwanza, kama kawaida yangu. Kiti cha kando yangu nilikiwekea koti, kisionekane kitupu.