Jina Alitaje Mwenyewe

Haya, nitegee sikio. Sikukinunua, sikukichagua, sijawahi kukiona kwa macho, na majirani wanakitumia kuliko mimi. Nini hicho? Umeshindwa? Nipe mji basi. Ni jina langu.

Mjukuu wangu ana miaka sita, na jina lake lilikuwa ugomvi wa nyumba nzima. Baba yake alimwandikisha Rukiya. Mama yake anaandika Rukia, anasema hiyo y inakula wino bure. Shangazi yake hataki kusikia: "Ni Rukaya! Mnalikata mkia jina la watu." Mwalimu naye akatia kyu, Ruqia. Mimi niliyeishia darasa la nne sikuulizwa.

Mchana mmoja nilimtuma apande stuli, anichukulie miwani juu ya kabati. Stuli ikateleza. Nikasikia kichwa kikigonga saruji, kisha kimya.

Hospitalini daktari alimmulika macho kwa tochi, akamwinamia. "Mwanangu, unaitwa nani?"

Macho wazi, yanatazama dari tu.

"Rukiya!" baba yake akadakia.

"Msimjibie," daktari akasema. "Nataka nilisikie kwake. Narudi baada ya nusu saa. Asipojibu, tunamkimbiza hospitali kubwa. Huenda wakampasua kichwa."

Hajafika mlangoni, karani akaja na fomu. "Jina la mtoto?"

"Rukia. Bila y."

"Y ipo kwenye cheti, mke wangu!"

"Cheti mliandika kwa haraka," shangazi akasema. "Wifi, andikeni Rukaya, mtoto apone."

"Kwani y ndiyo dawa, wifi?"

Walibishana hivyo, na shangazi mtu anazungushazungusha bangili zake. Sikuwakemea. Nilikuwa nimeshika unyayo wa mtoto, wa baridi. Ile miwani alianguka nayo mkononi, wala haikuvunjika. Nilikuwa nayo mfukoni, naogopa kuivaa nisije nikamwona vizuri.

Wakaanza kumwita mmoja mmoja. "Rukia, mama." "Rukiya!" "Rukaya, mimi hapa shangazi yako." Hata kope hakupepesa. Nikasema moyoni, mimi ndiye niliyemtuma. Miwani ya nini, mtu mwenyewe sina ninachosoma?

Daktari akarudi. Nyuma yake wauguzi wawili wanasukuma kitanda cha magurudumu. Mama mtu alipokiona akakaa chini sakafuni.

"Mwanangu," daktari akasema taratibu, "unaitwa nani?"

Mmoja wa wauguzi akashika shuka kwa pembe, tayari kumbeba. Hapo midomo ikasogea.

"Naitwa na nani?"

Daktari akainama zaidi. "Na mimi."

Mtoto akamtazama. Akatutazama na sisi, baba, shangazi, mama pale chini, mpaka akafika kwangu.

"Wewe niite Rukia tu," akasema. "Ndilo fupi. Kichwa kinaniuma."