Kabati Jipya

Duka lile la samani zilizotumika halikuwa na kibandiko hata kimoja. Mteja alinyoosha kidole, mzee akataja hali ya kitu, na neno lake likaaminiwa: mpya, imetumika, chakavu, kuukuu. Hakuwahi kumdanganya mtu.

Kisha kiharusi kikamnyang'anya maneno hayo. Mdogo wake akataka chumba cha duka wapewe wauza simu. Binti wa mzee akawaka.

"Nipe mwezi mmoja, baba mdogo. Nitamfundisha."

"Haya. Akishindwa mbele ya mteja, ufunguo nauchukua."

Binti akawa anamshika baba yake mkono, akiupitisha juu ya vitu. Meza inayonuka vanishi: mpya. Kochi lililotoka spongi: chakavu. Kwa kuukuu alikosa mfano, akaburuta kabati kutoka chumbani kwa wazazi wake, lile ambalo mzee alimnunulia marehemu mkewe walipooana. Milango ilikuwa imelegea, kioo kimeota madoa.

"Sema, baba. Kuukuu."

Mzee alifumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa.

"Mkaidi wewe!" binti alicheka. Mengine yote mzee aliyasema, basi hilo moja binti akaliacha lipite.

Siku ya siku, mwanamke mmoja mwenye haraka akaingia. Baba mdogo alikuwa ameegemea mlango.

"Hili kochi?"

"Chakavu," mzee akasema. "Miguu mizima. Spongi imekwisha."

Binti nusura apige vigelegele. "Na huyu mdogo wako je?"

"Ametumika," mzee akajibu, na baba mdogo mwenyewe akaangua kicheko.

"Na kabati lile?" mteja akauliza.

Mzee akalisogelea, akapangusa kioo kwa mkono wa shati.

"Jipya. Limefika leo."

"Baba," binti akanong'ona, "la mama hilo."

Mzee alimgeukia binti kwa upole aliowapa wateja. Tangu binti azaliwe alimwita mama, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake.

"Samahani, dada, haliuzwi. Sogea kidogo, unanikinga mwanga. Mchumba wangu yuko njiani, anakuja kuliona."

Mteja akaondoka. Baba mdogo hakunyoosha mkono. Binti ndiye aliyeutoa ufunguo mfukoni, akamwekea kiganjani.

"La kochi alilisema vizuri, mwanangu," baba mdogo akasema.

"Mimi nilidhani yamepotea maneno tu," binti akajibu.