Sitatia Mkono

Bi Sheikha Mbaruk alikuwa radhi kumwachia mtu nyumba yake, dhahabu yake na hata wajukuu zake, lakini chumvi hakuwa radhi kumwachia mtu. Jiko lake lilikuwa Mnarani, nyuma ya nyumba aliyozaliwa, na kutoka hapo alipikia harusi na hitima za Kilifi nzima. Kila sufuria aliionja mwenyewe kabla haijatoka, na asiyoionja haikutoka.

Mwezi wa Ramadhani ndio uliokuwa ukimtesa. Masheikh wamesema mfungaji mwenye haja anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi akatema, ila marehemu mamake alimlea asifanye hata hilo, naye hakutaka kuanza uzeeni. Kwa hiyo kila Ramadhani aliazima ulimi wa Zipporah, mpishi wake wa siku nyingi, Mgiriama wa Ganze na mtu wa kanisa. Zipporah aliinua upawa, akaonja, kisha akasema ama "bado" ama "imekaa." Bi Sheikha alisimama ubavuni mwake akimtazama koo, kana kwamba chumvi inaonekana ikipita.

Mwaka huu hoteli moja ya Bofa ilimpa kazi ya kufuturisha wageni wake mwezi mzima. Ilikuwa kazi ya heshima na aliitaka kwa hamu, lakini Bofa ni ng'ambo ya daraja, na yeye ni mmoja. Mdogo wake Raiya, aliyestaafu usimamizi wa hoteli huko Mombasa, alimwambia wazi.

"Dada, huwezi kuwa Bofa na Mnarani alasiri moja. Mkabidhi Zipporah jiko. Na ukimkabidhi, mkabidhi kweli."

Basi siku moja kabla ya kufunga aliwakusanya wafanyakazi uani, akampa Zipporah funguo za stoo mbele yao wote. "Jiko hili ni lako mpaka Idi," alisema. "Mimi sitatia mkono." Yalikuwa maneno mazuri, na aliyasema kwa sauti ya kutosha majirani kusikia.

Siku ya kwanza ya mfungo, shurba iliiva alasiri, ile ya ngano na nyama ambayo mfungaji huitamani tangu asubuhi. Zipporah alionja, akasema imekaa, akaenda kuoga na kubadili nguo kabla ya kupeleka vyakula kwa wateja. Bi Sheikha akabaki peke yake na sufuria, na tuktuki ya kumpeleka Bofa ikimngoja nje. Alifunua, akachungulia. Shurba ilipendeza, lakini chumvi haina rangi, na huyu Zipporah leo alionja haraka haraka. Akateka chumvi mkononi, akaitia, akakoroga, akafunika. Tahadhari tu, alijiambia, na mkono mmoja wa chumvi haujapata kumdhuru mtu.

Kesho yake mteja alipiga simu, kwa adabu nyingi, akasema futari ilikuwa nzuri ila shurba ilizidi chumvi kidogo. Bi Sheikha hakujiuliza mara mbili. Alimwita Zipporah.

"Angalia chumvi yako. Watu wamelalamika."

Zipporah alimtazama. Kisha akageuza macho kwa Mwaro, dereva wa vyakula, aliyekuwa akiosha gari pale uani. "Sawa, Bi Sheikha," alisema.

Baada ya hapo malalamiko yakaisha, zikaanza kuja simu za shukrani. Na kila alasiri, kabla ya kupanda tuktuki, Bi Sheikha alifunua sufuria akatia mkono wake mmoja, akiamini ndio unaoliokoa jiko. Wala hakuona kwamba anavunja neno lake. Neno alilitoa kwa ulimi. Mkono ulikuwa na mambo yake.

Shaka ilianza kumla taratibu. Kwanza aliona kwamba akiingia jikoni, Zipporah na Mwaro hukatiza mazungumzo. Walikuwa wakizungumza Kigiriama, ambacho yeye alikisikia nusunusu tangu utotoni, na ile nusu aliyoisikia ilikuwa na jina lake. Kisha akagundua jambo jingine, dogo, lakini lilimkaa rohoni. Zipporah alikuwa ameacha kusema "imekaa." Alionja, akakunja uso, akaweka upawa chini na kusema, "Tayari."

"Imekaa?" Bi Sheikha alimwuliza siku moja.

"Tayari, Bi Sheikha."

"Sikuuliza kama ni tayari. Nimeuliza, imekaa?"

"Ni tayari," alisema Zipporah, akaenda zake kuoga. Na kuoga kwenyewe kulikuwa kumerefuka. Zamani alikuwa akijimwagia maji akatoka. Siku hizi ungedhani anaandaliwa kuolewa.

Bi Sheikha akaanza kumvizia. Stoo ilikuwa na dirisha linalotazama jikoni, naye, mwanamke mzima mwenye heshima zake, alijibanza nyuma ya magunia ya mchele akachungulia pembeni ya pazia. Akamwona Zipporah anateka chumvi, anaitazama kiganjani, kisha anarudisha sehemu yake koponi. Chumvi haina mwizi. Mtu anayepunguza chumvi kwa makusudi ana lake jambo.

Na hilo jambo alidhani amelipata siku chache baadaye. Vivian, mwanamke aliyefungua ukumbi wa harusi karibu na daraja na ambaye kila mtu alijua anatafuta mpishi, alikuwa langoni akinong'ona na Zipporah. Zipporah alikuwa akitikisa kichwa. Anakubali au anakataa, kwa mbali haikujulikana, lakini Bi Sheikha alikwisha jichagulia.

"Ananiharibia jina ahame na wateja wangu," alimwambia Raiya. "Kama si mimi kutia mkono kila siku, tungekwisha aibika."

Raiya aliacha kukuna nazi. "Kutia mkono? Si ulisema hutatia?"

"Chumvi kidogo tu. Ya kuokoa."

"Mwite umwulize, dada."

"Nikimwuliza atakana. Nataka nimshike."

Nafasi ya kumshika haikukawia. Ukoo wa Bwana Mohammed wa Takaungu uliagiza futari ya watu wengi, na ilijulikana kwamba atakayewaridhisha siku hiyo ndiye atakayepikia harusi ya binti yao baada ya Idi. Bi Sheikha aliamua kwamba siku hiyo mkono wake atauzuia. Atamwacha Zipporah aupeleke ubaya wake mpaka Takaungu. Mwenyewe atakuwepo, ataonja mbele ya mashahidi baada ya adhana, atamwumbua na kumnyang'anya funguo, kisha ataiokoa shurba kabla wanaume hawajatoka msikitini. Alitia pakiti ya chumvi kwenye mkoba, akajiona amefikiria kila kitu. Kazi ya Bofa alimwachia Raiya, na kwa jinsi akili yake ilivyokuwa imetekwa hakumpigia simu hata mara moja kumwuliza inakwendaje.

Adhana ya Magharibi ilipolia Takaungu, alikula tende, akanywa maji. Wanaume wakaenda kuswali. Akatoka uani, ambako sufuria zilikwisha pangwa na wanawake wawili wa nyumba ile walikuwa wakipanga mabakuli. Akafunua shurba, akateka, akaonja.

Ilikuwa chapwa kabisa. Furaha iliyompanda ilimtisha hata mwenyewe.

"Zipporah," aliita, na uani pote pakasikia. "Njoo uonje hii, uwaambie hawa umewaletea chakula gani."

Zipporah alikuja akijifuta mikono kwa leso. Akaonja. Akaitazama sufuria, kisha akamtazama Bi Sheikha, na usoni mwake hamkuwa na hofu wala kiburi. Alishangaa tu.

"Leo hukutia mkono, Bi Sheikha?"

Wale wanawake wakaacha mabakuli.

"Mkono gani?" alisema Bi Sheikha, lakini sauti haikumtoka vizuri.

"Mkono wako. Siku ya kwanza Mwaro alikuona. Uliponigombeza kesho yake, nilijua chumvi iliyozidi ni ya nani. Nikasema huyu ni mkubwa wangu, nitamwambiaje asitie? Basi nikawa napunguza yangu, nakuachia nafasi yako. Naenda kuoga, nakawia, upate kutia kwa utulivu." "Ila siwezi kusema imekaa na mimi najua bado. Ndiyo maana nikawa nasema tayari."

Mwaro, kule penye gari, aliona huu ni wakati mzuri wa kuinama akague gurudumu.

Aibu ilimshika Bi Sheikha mpaka masikio yakawaka. Alitaka kusema kwamba Zipporah naye angefungua kinywa, kwamba mtu mzima hajifichi bafuni badala ya kusema neno, na kweli hapo alikuwa na haki kidogo. Lakini ni yeye aliyesimama uani mbele ya watu wote akasema hatatia mkono. Baada ya maneno yale, nani angemwendea tajiri wake kumwambia unatia?

Sauti za wanaume zikaanza kusikika njiani. Bi Sheikha alifungua mkoba, akatoa pakiti ya chumvi.

Zipporah aliitazama ile pakiti, na hapo ndipo uso wake ulipobadilika. "Umekuja nayo," alisema polepole. "Ulikuwa unajua itafika hivi."

"Nilijua," alisema Bi Sheikha. Akamkabidhi pakiti. "Tia wewe."

Zipporah alitia, akakoroga, akaonja. Akatia tena kidogo, akakoroga, akaonja. Kisha akamnyooshea upawa. "Onja."

Saumu ilikwisha funguliwa na hapakuwa na cha kumzuia. Mkono wa Bi Sheikha ulikuwa umeinuka kabla hajaufikiria. Akaurudisha, akauficha ndani ya buibui.

"Niambie wewe," alisema.

"Imekaa."

Bi Sheikha akawaashiria wale wanawake wapakue. Mabakuli yakaingia ndani yamejaa, na baada ya muda yakaanza kurudi kuomba tena.

Walipokuwa wakipakia sufuria tupu garini, hakuweza kujizuia. "Na Vivian?"

"Ananitaka kwenye ukumbi wake. Nilimwambia nitamjibu Idi ikipita."

"Ungemjibu nini?"

"Jibu lilikuwa hapana. Nilichelea tu kumvunja moyo pale langoni." Zipporah alikunja mdomo wa ile pakiti ya chumvi iliyobaki, akamrudishia mwenyewe. "Sasa ngoja Idi ipite."