Kivuli cha Watson Kwenye Kona ya Mwisho

Tuliusikia kabla hatujafunga kamba. Mlio wa injini, mkali, unapanda, unakatika kidogo, unapanda tena, kama gari linalokuja mbio na halifiki. Nilikuwa nimeruka mbele ya mashua, pondo mkononi, maji ya ziwa Mweru yamenifika mapajani. Niligeuka kutazama barabara. Ilikuwa tupu. Palikuwa na mbuzi, na mwanamke aliyeanika chisense, visamaki vyetu vyeupe, juu ya mchanga. Mlio ukapanda tena.

“Ile si Yamaha,” alisema ba Nkulu kutoka nyuma, alikokuwa ameshika mkono wa injini. “Na si basi ya Mansa. Ni nini?”

Ba Nkulu, kama tunavyowaita wakubwa kwa heshima, alikuwa nahodha wetu, mzee wa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Alikuwa mtu wa kuuliza kwa masikio, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Katika safari ile alikuwa ameniuliza mara kwa mara mawe yako wapi. Yeyote anayevuka kwenda Kilwa anayajua mawe yale: meusi, chini ya maji kidogo tu, karibu na mahali pa kushukia. Mashua iliyojaa simenti na watu haisimami unapotaka wewe. Husimama inapotaka yenyewe. Kwa hiyo nahodha hukata injini mapema, wakati ufuko bado unaonekana uko mbali na abiria wanamnung'unikia kuwa anachelewesha.

Kiti kile cha nyuma, cha nahodha, nilikitaka tangu siku ya kwanza nilipoingia mashua ya Mama Clotilde. Miaka yote nilikuwa mtu wa mbele, mtu wa pondo na wa kuchota maji. Nililijua ziwa. Kila tulipolala ufukoni nilikaa nyuma na kuushika mkono wa injini iliyozimwa, nikiyakwepa mawe ambayo hayakuwapo. Mama Clotilde, mwenye mashua, alijua vyema kwamba nahodha wake amechoka. Lakini alikuwa ametuma neno Puta, ufuko mwingine wa ziwa letu, kwa mtu anayeitwa Kingsley, aje Jumatatu ashike yeye. Nilipomwuliza kwa nini si mimi, alinijibu mbele ya wapagazi wote.

“Weye Chiti, uko moto. Moto ni muzuri ku jiko. Mu mashua, hapana.”

Nilirudi nyumbani nikamtungia Kingsley beti za matusi, zenye vina safi, na hajazisikia mpaka leo.

Basi siku ile ya Jumamosi, mwaka 1998, katika miezi ya baridi, tuliufuata mlio. Ulitoka katika chumba cha bati cha Didier, mdogo wake Mama Clotilde, ambako siku nyingine huonyeshwa filamu za ngumi. Ndani palikuwa na kompyuta, ya kwanza kuwekwa hadharani katika upande wetu wa Nchelenge, na juu ya meza usukani mdogo uliobanwa kwa kibano cha seremala. Pedali zilikuwa sakafuni. Mlio ule ulitoka kwenye spika alizozitundika dirishani makusudi, ili soko zima lisikie.

Didier alieleza kwa fahari, huku akipangusa kioo kwa kiwiko. Binamu yake wa Lubumbashi alikuwa amempatia diski ya mchezo wa mbio za magari ambao ulikuwa bado haujaanza kuuzwa. Walioutengeneza walikuwa wameutoa mapema, haujakamilika, ili watu waujaribu na kurudisha maoni. Ulikuwa na gari moja tu, jekundu, na barabara moja yenye kona nyingi. Watu waliokaa pembeni kutazama mbio hawakuwa wamechorwa nyuso. Hakukuwa na magari ya kushindana nayo. Ulishindana na kivuli. Kila aliyekimbia vizuri kuliko wote, mchezo uliuhifadhi mwendo wake, na aliyefuata aliona mbele yake gari kama la kioo likirudia kila kitu alichofanya yule. Diski ingerudi Jumatatu, kwa mashua yetu, ikiwa na kivuli bora na jina la mwenyewe, na kutoka Lubumbashi ingepelekwa kwa wenye mchezo.

Kivuli kilichokuwa mle ndani kilikuwa cha Watson. Watson aliendesha basi dogo la Mansa. Alivaa miwani ya jua hata ndani ya chumba, na alikuwa na njiti ya meno ambayo sijawahi kumwona bila hiyo.

“Awe, ba wavuvi,” alisema alipotuona tunachuruzika maji mlangoni. “Huku hakuna samaki.”

Ba Nkulu ndiye aliyekaa kwanza, kwa heshima ya umri wake. Aliweka uso karibu na kioo kama mtu anayenusa chungu. Gari likaondoka, kona ya kwanza ikaja upande wa kushoto, na yeye akazungusha usukani kulia. Gari likaenda kulia, moja kwa moja kwenye matairi yaliyopangwa pembeni. Akarudia. Kulia tena. Chumba kikavunjika kwa vicheko, na mimi nilicheka kuliko wengine. Kisha nikakaa mimi, nikafanya vilevile.

Ndivyo tulivyo watu wa ziwa. Mkono wa injini ya mashua unausukuma kulia ukitaka kwenda kushoto, na mwili ukishajua hivyo haukuulizi tena. Mvuvi mmoja baada ya mwingine alikaa pale na kuyafuata matairi kana kwamba kuna mtu anamwita.

“Chiti,” alisema Watson, “gari lina mlango. Fungua, uogelee.”

Nilirudi kwenye kiti. Safari hii nilijilazimisha: kushoto ni kushoto. Nikakanyaga mafuta mpaka sakafuni. Kona mbili zikapita, ya tatu ikanitupa majanini, gari likazunguka kama mtu aliyekunywa katubi ya jana. Nikarudia. Majani. Nikarudia. Matairi. Watson alikuwa amezoea barabara ya Mansa, na aliruka kutoka kona hadi kona kwa ujasiri tu. Hata yeye hakuwa msafi. Nilikiona kivuli chake: kwenye kona ya mwisho kiliingia kwa kasi kupita kiasi, magurudumu yakagusa majani, kikayumba, kisha kikajikusanya. Lakini mpaka hapo kilikuwa kimeniacha mbali, na kila nilipokikaribia damu ilinipanda, nikakifuata na kutumbukia majanini kabla yake.

Nilipiga meza. Didier akaniambia kwa upole kwamba meza ni ya dada yake.

Ba Nkulu alinishika bega. Alikuwa amesimama pembeni muda wote amefumba macho, akisikiliza.

“Ile kintu si ya kuchezea,” alisema. “Iko na uzito. Sikia vile magurudumu inalia. Ukikata mwendo, muzigo yote inakuya mbele. Ukigeuza wakati ile muzigo iko inatembea, inakutupa. Ni mashua ya simenti, Chiti. Ni mashua yetu.”

Nikaiona. Michezo mingine niliyowahi kuiona Lusaka, gari ni karatasi: unageuza, linageuka. Hili lilikuwa na tumbo. Lilihitaji kuambiwa mapema.

Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya chumba, nikaichora barabara ile mchangani kwa kidole cha mguu. Ushairi nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya Tanzania yaliyokuja yamefungiwa sabuni. Nilihesabu silabi kwa vidole mpaka nikajua kwa nini mstari unasimama katikati na kupumua. Sasa niliona kwamba barabara ile ni shairi. Sehemu iliyonyooka ni kipande cha mstari. Pale mstari unapopumua, ndipo mguu unapoachia mafuta. Nikatunga nikiwa nimesimama:

Acha mguu mapema, kona haijafunguka;
Zito likishasimama, mkono utazunguka;
Kivuli kikikusema, kiache, kitaanguka;
Moto ninao, napima, nauwasha nikitaka.

Nikalitembea mchangani nikilisema, kutoka kona hadi kona, mpaka wanawake wa chisense wakaulizana kama nimeanza kanisa langu.

Niliporudi ndani, Mama Clotilde alikuwa amefika. Petroli ya jenereta ilikuwa yake, na alikuja kuona inachomwa kwa kazi gani. Alikuwa amekaa nyuma kwenye gunia la chumvi, mikono kifuani. Nikasimama mbele yake kabla sijaogopa. Nikamwambia kwamba mashine ile inapima kitu kilekile alichosema sina. Nikamwomba anitazame mara moja, na nikiweza, kiti cha ba Nkulu kiwe changu.

Alicheka. Akasema kwamba ziwa haliko ndani ya sanduku, na kwamba yeye hubeba watu wenye mama zao. Ni ba Nkulu aliyemwinamia sikioni na kusema naye kwa muda. Sijui yote aliyosema. Nilisikia neno simenti, na neno mawe. Mama Clotilde aliponitazama tena, hakuwa anacheka.

“Bon,” alisema. “Mi sitaki kujua nani iko wa kwanza. Minataka kuona mutu mwenye hagonge kintu. Ukigusa hata majani, Kingsley anakuya, na weye unabaki na pondo yako. Tumesikilizana?”

Nikasema tumesikilizana. Lakini ndani yangu nilikitaka kivuli pia. Sitadanganya. Nilivitaka vyote viwili.

Watson alinisogezea kiti kwa mguu. “Kaa, mtunga nyimbo,” alisema. “Nitakusubiri mwishoni.”

Gari likanguruma. Nikaanza shairi langu kwa midomo, bila sauti. Kivuli kiliniacha tangu kona ya kwanza, kwa sababu niliachia mafuta wakati chumba kizima kinaona bado ni mapema. Mtu mmoja nyuma yangu akasema nimelala. Gari likainama mbele, uzito ukatulia, nikageuza, likanitii kama ng'ombe aliyeshiba. Kona ya pili, vilevile. Ya tatu, ile iliyonitupa kila mara, niliipita magurudumu yakinong'ona tu, na nilipotoka upande wa pili nilikuwa na mwendo ambao sikuwahi kuwa nao pale. Gari la kioo lilianza kukua mbele yangu.

Hapo ndipo damu ilipopanda. Niliuona mgongo wa Watson. Nilisikia vigelegele vinaanza, na mguu wangu wa kulia ukawa mzito peke yake. Kona ya mwisho ilikuwa inakuja, kivuli kiko mbele kidogo, na kila kitu katika mwili wangu kilisema kanyaga, sasa, mwonyeshe. Nikaufikia mstari wangu wa tatu. Kivuli kikikusema. Mstari ukapumua. Nikapumua nao, nikaachia.

Kivuli kikaenda mbele, mbali, na chumba kikaguna kwa huzuni. Watson akaanza kucheka. Kisha kivuli chake kikafanya kile kilichofanya kila mara. Kikaingia kwa kasi kupita kiasi, kikagusa majani, kikayumba. Mimi nilikuwa ndani ya kona, nimetulia, barabara imefunguka mbele yangu kama mlango wa bandari. Nauwasha nikitaka. Nikauwasha. Gari jekundu likapita ndani ya gari la kioo na kutokea upande wa pili, na mstari wa kumalizia ukapita chini yangu bila hata jani moja kwenye magurudumu.

Kelele zilizotoka mle ndani zilipindua bati. Wavuvi waliocheza vibaya kutwa nzima, watu waliogonga matairi kwa aibu, walinibeba juu na kunigongesha kichwa kwenye boriti. Wanawake wa chisense walikuja mbio wakidhani kuna moto, na walipoambiwa ni nini, wakapiga vigelegele hivyohivyo. Ba Nkulu alikuwa akiwaeleza watu kona ya mwisho kama mtu aliyeiona kwa macho yake.

Watson alivua miwani. Sikuwa nimewahi kuyaona macho yake. Yalikuwa ya kawaida tu. Alinipa mkono, akaushika muda mrefu.

“Iwe,” alisema, “uliachia pale makusudi?”

Nikamwambia makusudi kabisa. Akatikisa kichwa, akaitoa njiti ya meno mdomoni, akaitazama.

Didier alisema niandike jina, ndilo litakalokwenda na kivuli. Niliandika herufi moja moja kwa kidole kimoja: CHITI WA MWERU. Niliyatazama maneno yale kwenye kioo kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama kitu. Mtu fulani mbali sana, mwenye kompyuta nzuri na nyuso zote za watazamaji zimeshachorwa, angeona gari la kioo likimpita, na angelazimika kulisoma ziwa letu.

Kisha nikageuka, kwa sababu bado sikuwa nimejibiwa. Mama Clotilde alikuwa ameinuka kwenye gunia la chumvi. Watu walimpisha. Alinitazama kuanzia miguu yenye mchanga mpaka boriti iliponigonga.

“Didier,” alisema bila kuondoa macho kwangu, “tuma mutu ku Puta. Kingsley asisumbuke.” Akanisogelea. “Lundi, ile Jumatatu ya Kingsley, weye ndiye unashika. Nkulu atakaa mbele, atasikiliza maji. Ile diski yenu na weye mutavuka pamoya. Sasa sema mbele ya bantu hawa, nisikie na masikio yangu: ku mawe ya Kilwa utafanya nini?”

Nje mtu alikuwa amezima jenereta, na nilisikia Mweru ikipiga mashua yetu ufukoni. Sikutafuta vina.

“Mama,” nilisema, “hata mashua zote za Puta zikinipita, hata abiria wakinitukana, nitakata injini mapema, ufuko ungali mbali. Kila mutu utakayenipa, nitamufikisha akiwa mukavu.”