Mikono ya Abaya

Kazija alipoingia kwenye duka la jumla pale Shisanhang, soko la nguo nchini China, alimkuta Haidar, mshirika wake, ameshaanza kugonga meza. Abaya walizowaagizia wenzao wa Unguja zilikuwa zimetoka na mikono mifupi. Laoban Chen, yaani bosi Chen, mama mwenye karakana ya ushonaji, alikuwa akirudia neno lile lile: "Bu xing." Haiwezekani.

"Mwambie tutamhama," Haidar alisema kwa Kiswahili. "Mwambie soko zima litajua."

Kazija ndiye aliyekiongoza kikundi chao cha kuagiza nguo, na Kichina chake kilikizidi kidogo cha Haidar. Hakutafsiri. Alimwona Chen alivyokunja mikono kifuani, kama mtu aliyetishwa na wateja wengi mpaka akazoea.

Akachukua abaya moja, akaivaa juu ya nguo zake, akainua mikono usawa wa mabega kama anayeanza swala. Mikono ya nguo ikateleza mpaka karibu na viwiko.

"Wateja wetu wengi husali na nguo hii hii," alimwambia Chen. "Mikono ikifunuka hivi, hawataweza."

Chen aliushika ule mkono mfupi. "Lakini sampuli mliniletea nyinyi."

"Kweli, na kipimo cha mkono hatukukupa. Kwa hiyo kitambaa cha kuongezea tutanunua sisi. Wewe tupe mafundi."

"Umeachia sana, dada," Haidar alinong'ona.

"Nimeachia palipo na kosa letu."

Chen alichukua tepu, akampima Kazija kuanzia begani. Akashauri waunge ukanda wa satini kwenye mikono, ili kiungo kionekane kama pambo. Kazi hiyo ingechukua muda, na meli ingeondoka bila mzigo wao.

Walipotoka nje, Haidar alisema, "Tuwaambie wenzetu meli imechelewa. Wataelewa."

"Tukiwaambia ukweli pia wataelewa. Au watakasirika, basi."

Kazija akawarekodia wenzao wa Unguja ujumbe wa sauti: sampuli ilikuwa na kasoro, yeye na Haidar hawakuipima, mzigo utachelewa, na marekebisho yatakuwa hivi na hivi. Aliomba radhi mara moja, akautuma.

Kati ya wenzao hao, Najat wa Darajani alijibu kwanza, kwa hasira, akajitoa kwenye mzigo unaofuata. Kauthar akauliza rangi ya satini. Ilipofika jioni, wengine mmoja mmoja wakaanza kutuma vipimo vya mikono.